Kifaa Kisichojua Utani

Vuta kigoda usogee, wewe unayeanza kazi niliyoiacha mimi. Sikio langu la kushoto limechoka, kwa hiyo kaa upande wa kulia, na usiogope kunikatiza. Kazi yenyewe utaelezwa na wakubwa wako: ni kumsaidia mtu ambaye mdomo wake umegoma, apate njia nyingine ya kusema. Watakufundisha kuchaji vifaa, kupanga picha na kuandika taarifa. Mimi nitakueleza yale niliyoyaokota njiani, kati ya hapa mjini Morogoro na milima ile unayoiona dirishani. Mengi nilifundishwa na watu ambao hawakuweza kutamka hata neno moja.

Nilipoanza hatukuwa na kitu cha kuchaji. Tulikuwa na kipande cha plaiwudi, ukubwa wa sinia, na picha tulizokata kwenye kalenda za zamani na maboksi ya sabuni. Mgonjwa anagusa picha ya kikombe, tunajua anataka chai. Gundi tulipika wenyewe kwa unga wa muhogo, na tulijisifu sana kwa kubana matumizi, mpaka siku mtoto mmoja aliporudi na ubao ambao panya wamekula wali, chai na kitanda, wakabakiza choo peke yake. Mama yake alisema, "Wiki nzima mwanangu alikuwa na neno moja tu, na hilo ndilo alilonisumbua nalo." Tukahamia gundi ya dukani, na juu yake tukavalisha nailoni ya kufunikia madaftari. Hata leo ukitengeneza ubao wa picha, uvalishe nailoni. Kifaa cha umeme kitazima siku moja, lakini ubao hauzimi.

Kulikuwa na binti mmoja aliyeletwa na mama yake kutoka Kisaki, huko inakopita reli ya kwenda Zambia. Kila tukimwekea ubao mbele anagusa picha ya treni. Tunamuuliza: unataka kusafiri? Anakunja uso. Unataka kucheza treni? Anakunja uso zaidi. Tulikuwa karibu kuandika kwamba bado hajaelewa picha ni nini. Mama yake alikuwa kwenye benchi anamenya chungwa, akasema bila kuinua macho, "Anamuulizia baba yake. Baba yake anafanya kazi kwenye treni."

"Mama, mbona hukutuambia tangu asubuhi?"

"Mlikuwa mnaongea nyinyi tu."

Tangu siku hiyo nikaelewa kwamba picha ni mali ya anayeigusa. Wewe unaweza kuichora, unaweza kuiweka kwenye kifaa cha bei mbaya, lakini maana yake ataileta mwenyewe kutoka kwao.

Aliyenifundisha kazi ni mama mmoja tuliyemwita Bi Zuhura. Alikuwa mnene, mpole, na anayependa karanga. Siku ya kwanza alinikuta namsaidia mgonjwa kugusa picha, maana niliona nachelewa chakula cha mchana. Aliniambia, "Kalia mikono yako." Nilidhani ananitania. Akarudia, "Iweke chini ya mapaja, uikalie. Muulize swali lako, halafu subiri. Subiri mpaka uone aibu. Ukishaona aibu, subiri tena." Mtu mwenye tatizo la kusema anahitaji muda wa kutafuta anachotaka, kisha muda wa kutafuta kilipo, kisha muda wa kukifikia. Sisi wenye ndimi tunaona ukimya huo ni mrefu, tunauziba kwa maneno yetu, na yeye anaacha kujaribu. Nilikalia mikono yangu mpaka ikafa ganzi, na mgonjwa akaniambia, kwa kidole chake mwenyewe, kwamba dirisha lifungwe.

Baadaye vifaa vikaja. Kwanza vile vidogo vyenye kitufe kimoja, unarekodi sentensi, mtoto akibonyeza inasema. Kisha vishikwambi, ambavyo vinabeba picha nyingi, na kila picha ina sauti yake. Na miaka hii ya mwisho, kabla sijastaafu, wageni kutoka chuo kimoja walituletea roboti.

Ilikuwa nyeupe, kimo cha jogoo aliyesimama, ina macho mawili ya taa na kichwa kinachogeuka kufuata sauti. Ilikuwa ya watoto wasiopenda kutazamana na watu. Uso wa mtu haukai vile vile, unatabasamu, unanuna, unapepesa. Mtoto wa aina hiyo unamchosha. Uso wa roboti umetulia, kwa hiyo anajizoezea hapo kwanza, kisha anahamia kwetu. Lilikuwa wazo zuri na bado naliamini.

Siku ya kwanza alikuja bibi mmoja kutoka Dumila na mjukuu wake, mtoto ambaye kwa muda wote tuliokuwa naye alikaa ameelekea ukutani akizungusha kizibo cha soda. Bibi akapita mbele ya roboti. Roboti ikageuza kichwa, ikasema kwa furaha, "Mambo vipi, rafiki?"

Bibi akarudi nyuma hatua. "Huyu kalelewa na nani?"

Kijana wa chuo akamwambia, "Bibi, hii ni mashine."

"Kwa hiyo mashine ndiyo haziamkii?"

Yule kijana alikuwa msikivu. Akakaa na kompyuta yake mchana kutwa, na kesho yake roboti ilikuwa imejua kuamkia. Tatizo ni kwamba ilimwamkia kila mtu. Ilimwamkia bibi, ikaniamkia mimi, ikamwamkia mfagiaji, ikamwamkia mtoto mchanga mgongoni mwa mama yake. Sote tukawa tunacheka. Kisha ikageuka kule ukutani, kwa yule mtoto wa kizibo, ikasema, "Shikamoo."

Kizibo kikasimama. Mtoto akasema, "Marahaba."

Bibi alijiziba mdomo kwa kanga. Halafu akasema, "Na yeye kapata mdogo wake."

Alikuwa sahihi. Mtoto huyo tangu azaliwe aliambiwa amkia huyu, amkia yule. Hakuna aliyewahi kumwamkia yeye. Nikatoka pale na kanuni niliyoipenda sana: kifaa kinachoongea kwanza kiwe na adabu. Kila kifaa kilichopita mikononi mwangu nikakiwekea shikamoo, marahaba, karibu, asante, naomba, samahani. Nikawa najisikia nimemaliza.

Sasa nikueleze kuhusu Mzee Fidelis, kwa sababu ndiye aliyenionyesha kwamba kanuni yangu ilikuwa nusu.

Mzee Fidelis alikuwa mkulima wa ndizi na viungo huko Matombo. Kiharusi kilimshika shambani. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakaondoka, isipokuwa moja. Lililobaki ni "basi". Akiwa na kiu anasema basi, akikasirika anasema basi, akikuaga anasema basi. Utakutana na watu wa namna hii, na nakuomba usidhani akili imeondoka pamoja na maneno. Alikuwa anaelewa kila kitu. Ukikosea jina la mjukuu wake alikutazama kama mtu aliyekanyagwa.

Nilipanda huko kwa bodaboda, kishikwambi nimekifunga kwa kanga na kukitia kwenye ndoo ili kisipigwe na mawe ya ile barabara. Mke wake, Mama Skola, alinipokea kwa chai ya mdalasini. Nikafanya ninachofanya siku zote. Kabla ya picha yoyote, tafuta ndiyo na hapana za mtu. Zake tulizipata upesi: dole gumba la mkono wa kushoto likiwa juu ni ndiyo, kiganja kikielekea chini ni hapana. Kisha nikamwonyesha picha: maji, ugali, choo, maumivu, nataka kulala. Na zangu za adabu. Alijifunza kabla chai haijapoa. Nikashuka mlima nikiimba.

Niliporudi mara ya pili, kishikwambi kilikuwa juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa cha kufuma, kimewekewa maua ya plastiki pembeni. Mama Skola alikipangusa vumbi kila asubuhi na kukichaji kwa jirani mwenye sola.

"Anakitumia?" nikauliza.

"Kinapumzika," alisema. Kisha akanivuta uani, tukasimama karibu na jiko. "Mama Mashine," maana huko ndivyo walivyoniita, "mimi mume wangu ananiondokea nikimwona. Chakula hali vizuri. Hatoki nje. Nikimpa hicho kifaa anabonyeza maji, nampa maji, anakisukuma kule. Anageukia ukuta. Watu walikuwa wanajaa hapa, sasa haji mtu."

"Watu gani walikuwa wanakuja?"

"Alois ndiye alikuwa haondoki. Mtani wake."

Hapo uwe na subira kidogo, maana wewe umezaliwa mjini na pengine utani unaujua kwa mzaha wa kabila na kabila. Milimani kwetu upo pia wa ukoo na ukoo. Ukoo wa Mzee Fidelis na ukoo wa Alois ni watani tangu enzi za mababu. Mtani anaruhusiwa kukwambia maneno ambayo mtu mwingine akikwambia mtaitana kwenye kikao, nawe unaruhusiwa kuyarudisha, na hakuna kununa. Kwenye msiba ndiyo kabisa: mtani wa wafiwa ndiye anayeingia akavuruga kilio, akazuia njia, akadai jogoo, watu wakacheka wakiwa na machozi. Bila mtani msiba unakuwa mzito mno kubebeka. Na katika Matombo nzima, kwa maelezo ya Mama Skola, hapakuwa na mtani aliyemfikia Fidelis. Watu walitembea kutoka vijiji vya mbali kumsikiliza anavyomsema Alois.

Baada ya ugonjwa Alois alikuja. Akarusha neno la utani kama kawaida yake, akangoja. Fidelis akasema, "Basi." Akajaribu tena, "Basi, basi," machozi yakamtoka. Alois akaaga. Hakurudi. Alimwambia mtu njiani kwamba kumtania asiyeweza kurudisha ni kumpiga aliyefungwa kamba.

Nikaingia ndani, nikakishusha kile kifaa kabatini. Nilikuwa nimempa mzee huyu maneno yote ya kuhudumiwa na maneno yote ya heshima. Neno hata moja la kumfanya awe Fidelis sikumpa. Nikamuuliza, "Mzee, nikiweka utani humu?"

Dole gumba lilipanda mpaka juu ya sikio.

Nikamwomba Mama Skola anirekodie. Akakataa, tena kwa kukunja mikono. "Mimi nimeolewa hapa. Ukoo wangu mimi hauna utani na akina Alois. Nikisema maneno hayo ni matusi."

"Lakini itasema mashine, mama."

"Sauti ni yangu hata ikitokea kwenye sanduku."

Mzee pale kitandani alikuwa anatikisa kichwa kumuunga mkono mke wake. Wote wawili walinitazama kama mtu aliyetaka kuvaa viatu kichwani. Tukamtafuta Deo, mtoto wa dada yake Mzee Fidelis. Kwa Waluguru ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo mtoto wa dada ndiye wa ukoo wa mjomba, na utani wa mjomba ni wake. Deo alikuwa mtu mzima mwenye mashamba yake, na mwenye sauti inayofanana sana na ya mjomba wake.

Tukajifungia chumba chenye nguo nyingi. Zingatia hilo: nguo zinameza mwangwi, sauti inatoka safi. Deo alikumbuka utani wa zamani, akausema, na mjomba akaupima kwa mkono. Kiganja chini, hapana. Kiganja chini, hapana, huo ulishachakaa. Deo akasema, "Alois, ndizi zako ni chungu mpaka tumbili wakifika shambani kwako wanafunga." Dole juu. Katikati ya kurekodi kuku akapiga kelele mlangoni, nikataka turudie. Mzee akanionyesha kiganja. Kuku abaki.

Siku chache baadaye Deo alinipigia simu. "Mama Mashine, kuna msiba kwa akina Alois. Dada yao mkubwa. Mjomba amejua, na anataka kwenda. Njoo, sauti ya hiki kitu ni ndogo kama ya mbu."

Nikaondoka na spika ndogo niliyowahi kuinunua kwa mchuuzi wa sumu ya panya pale Dumila, ile anayotembea nayo stendi nzima akitangaza. Ukikumbuka kitu kimoja cha ufundi leo, kumbuka hiki: sauti inayotosha chumbani haitoshi penye watu.

Mama Skola alikuwa na hofu na hakuificha. "Akienda kifaa kikamkatalia mbele za watu, harudi tena nje mpaka nimzike." Mzee alikuwa amekwisha kuvalishwa koti. Vijana wakambeba kwenye kiti, wakampandisha mlima, wakafika jeneza likiwa linatoka nyumbani kwa marehemu. Deo akawaambia wakiweke kiti katikati ya njia, pale pale wanapotakiwa kupita. Ndipo mtani anapokaa. Wabebaji wakasimama. Katekista akasimama. Alois, aliyekuwa mbele, akamwona.

Mzee Fidelis akanyanyua kidole cha kushoto, kikashuka.

Spika ikasema, kwa sauti kubwa na yenye adabu, "Naomba maji."

Alois akainamisha uso. "Mpeni mzee maji," alisema, kwa upole. Upole wa mtani ni kitu kibaya sana kusikia. Mwanamke mmoja alikuwa tayari ameanza kwenda kutafuta kikombe. Nilikuwa nimechuchumaa kando ya kiti, picha sahihi naiona, ingenichukua chini ya pumzi moja kuigusa. Nikaiweka mikono yangu chini ya mapaja. Nilingoja mpaka nikaona aibu, na nikaendelea.

Kidole kikapanda tena, kikatafuta, kikatua.

"Alois, ndizi zako ni chungu mpaka tumbili wakifika shambani kwako wanafunga."

Na kuku.

Hakuna aliyecheka mara moja, nadhani kwa sababu ya yule kuku. Kisha mmoja wa wabebaji akatoa mguno, akalazimika kushikilia jeneza vizuri, na kicheko kikapita kwenye watu kama upepo kwenye migomba. Alois hakucheka. Alitazama kishikwambi, akamtazama Fidelis, akashika kiuno.

"Nyie mnamwona huyu?" alisema. "Kwa uvivu wake ameona hata kuongea ni kazi, ameajiri mashine."

Fidelis akacheka mpaka bega lile zima likatikisika. "Basi, basi, basi," alisema, na neno hilo safari hii kila mtu alilielewa. Kidole kikarudi kwenye picha. Kikachelewa sana. Na Alois, aliyekuwa na dada yake wa kuzika na jua limekwisha kuwa kali, alikaa chini kwenye vumbi mbele ya kile kiti, akakunja miguu, akasubiri zamu ya mwenzake.

"Hapa hapiti mtu. Leteni jogoo."

"Jogoo wa nini, na jino lenyewe moja?"

Jogoo aliletwa. Njia ikafunguliwa. Wafiwa walipita wakicheka na kulia, wanawake wakimgusa mzee begani, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba wote walikuwa wamemkosa, si mkewe peke yake.

Tuliporudi nyumbani, Mama Skola alikuwa anavua viatu vyake mlangoni, spika ikasema nyuma yake, "Nataka ugali." Akageuka. Tangu nimpe hicho kifaa mzee hakuwahi kuigusa picha hiyo. Alipika, mzee akala, na kabla hajamaliza Alois akabisha hodi, akaingia bila kungoja karibu, akasema amekuja kuhakikisha kwamba jogoo wake hapewi mashine.

Nimestaafu sasa, na nakosa mambo mengi: harufu ya gundi, ile barabara mbovu, Bi Zuhura na karanga zake. Vifaa vyako wewe vitakuwa bora kuliko vyangu vyote, na nafurahi. Watakukabidhi kifaa kipya kikiwa na maji, chakula na choo tayari ndani yake. Viache humo, vitahitajika. Lakini ukifika kwa mtu, kabla hujamfundisha picha yoyote, waulize watu wa nyumbani kwake: huyu alikuwa anamchekesha nani, na kwa maneno gani? Mtafute mwenye haki ya kuyasema maneno hayo, mrekodi, uyaweke picha ya kwanza kabisa, juu, upande wa mkono wake wenye nguvu. Kisha tuma mtu akamwite yule mwenzake.